Kuketi na Mwenzio

Mwishoni mwa mwaka 1989, ilihitaji moyo kusimama na Profesa Wangari Maathai kwenye barabara yoyote ya katikati ya Nairobi. Alikuwa ameandika barua baada ya barua kupinga jumba la ghorofa 60 ambalo chama tawala cha KANU, kupitia gazeti lake la Kenya Times, kilitaka kulijenga ndani ya bustani ya Uhuru Park. Wabunge walimsimanga bungeni, wakaigeuza hata talaka yake kuwa hoja. Shirika lake la Green Belt Movement likafukuzwa katika ofisi ya serikali lililokuwa likiitumia, na kazi yote ikahamia nyumbani kwake mtaani South C, mafaili sebuleni na wafanyakazi kila pembe. Hapo ndipo baadhi ya watu waliomfahamu walipoanza kumkwepa. Katika kitabu cha maisha yake, Unbowed, kilichochapishwa mwaka 2006, anawakumbuka waliomnong'oneza kwamba walikuwa wakimwombea, ila wasingependa kuonekana wakizungumza naye.

Watu hao hawakuwa maadui. Walimtakia mema, na pengine kweli walikesha wakimwombea. Tena walikuwa na sababu ya kuogopa. Pale Kenyatta Avenue inapokutana na Uhuru Highway limesimama jumba la Nyayo House, ambamo wakosoaji wa serikali walifungiwa na kuteswa katika vyumba vya chini ya ardhi. Si haki kuwahukumu waoga wa wakati ule sisi tunaosoma habari zao tumekaa salama. Hata hivyo, ukisoma kurasa zile unaona wazi kwamba mapenzi ya kimyakimya yalimwacha mama yule mpweke, sawasawa na vile chuki ingemwacha. Alichohitaji ni mtu wa kusimama naye mchana kweupe na kumuuliza hali.

Nchi inamkumbuka kwa miti na kwa Tuzo ya Amani ya Nobel ya mwaka 2004. Yapo mengine ya kukumbukwa. Wapo waliokaa naye alipokimbiwa, na wapo ambao yeye mwenyewe alikwenda kuketi nao, na katika hao wote yamo mambo ambayo mkazi wa Nairobi wa leo anayahitaji kuliko anavyodhani.

Wa kwanza kutajwa ni Vertistine Mbaya. Urafiki wao ulikolea katika miaka ya 1970, wote wawili wakiwa wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Wangari alifundisha anatomia ya mifugo katika kampasi ya Chiromo, pale bondeni unapotoka jijini kuelekea Westlands. Vertistine alikuwa mwanabiokemia. Siku hizo mhadhiri mwanamke aliyeolewa hakupata marupurupu sawa na mwenzake wa kiume, kwa dhana kwamba mke hutunzwa na mumewe. Wawili hao walikataa. Walidai haki sawa kwa kazi sawa, na walipotazama nyuma waliona wenzao wengi wamesita: huyu anamwogopa mkuu wake, yule anamwogopa mumewe. Mwishowe chuo kilikubali kuwapa wao wawili walichodai, na Wangari alipokuwa akisimulia alisema kwamba wakawa wanahesabiwa kama maprofesa wanaume wa heshima.

Jambo la kutazamwa hapo ni msingi wa urafiki wenyewe. Hakuna kati yao aliyekuwa mfadhili wa mwenzake. Walikuwa na mzigo mmoja, na kila mmoja aliushika upande wake. Urafiki mwingi wa mjini huanza kwa fadhila: huyu kamtafutia yule kazi, yule kampa huyu mahali pa kulala alipowasili kutoka mashambani. Fadhila ni njema, lakini ikiachwa iwe ndiyo nguzo pekee, mmoja huzoea kuagiza na mwingine huzoea kushukuru, na siku mwenye kushukuru anapojitegemea, uhusiano hukosa pa kushika. Vertistine alikuwa bado kwenye bodi ya Green Belt Movement miongo kadhaa baadaye. Ndoa ilivunjika, kazi ya chuo ikapotea, ofisi ikachukuliwa, na rafiki huyo akawa bado yupo.

Kuhusu ndoa hiyo, machache yatatosha. Wangari na Mwangi Mathai walioana mwaka 1969, wakapata watoto watatu, na talaka yao ya mwaka 1979 ikasikizwa hadharani huku magazeti yakiripoti. Alipoikosoa hukumu ya jaji alihukumiwa kifungo cha miezi sita kwa kudharau mahakama, akakaa gerezani Lang'ata siku tatu. Baadaye, fedha zilipombana, alichukua kazi ya Umoja wa Mataifa iliyompeleka Lusaka, na watoto wakaenda kwa baba yao. Walikaa huko miaka kadhaa. Mama mwingine angehesabu kwamba amewapoteza, na majirani wengi bila shaka walimhesabia hivyo. Haikuwa hivyo. Watoto walirudi kuishi naye, na binti yake, Wanjira Mathai, leo ni mmoja wa sauti za Afrika zinazosikika sana katika mambo ya mazingira na amekuwa mlezi wa urithi wa mama yake. Uhusiano wa mzazi na mwana unaweza kubadilika sura, hata nyumba, na ukaendelea kuwa na afya iwapo mwenye kuondoka haachi kurudi.

Kurudi huko ndiko kulikojengwa pia ndani ya kazi yake ya miti, ingawa wanaoisifu kazi hiyo hawakutaji sana. Mnamo Juni 5, 1977, chini ya Baraza la Kitaifa la Wanawake wa Kenya, miti 7 ilipandwa katika uwanja wa Kamukunji, na kutoka hapo vikundi vya kina mama vikaenea nchini. Mwanamke alilipwa kiasi kidogo, mwanzoni kama senti 4 za dola ya Marekani, kwa kila mche ulioota na kushika. Sharti ni kwamba uwe umeshika. Mche uliopandwa ukafa haukulipwa. Kwa hiyo ilibidi mtu arudi shambani baada ya miezi, ahesabu, aulize kwa nini hii imekauka na ile imeliwa na mbuzi. Katika kurudi huko watu waliulizana pia habari za watoto, za maji na za waume. Vikundi vingi vya maendeleo vilivyokufa Kenya vilikuwa na siku kubwa ya uzinduzi, wageni wa heshima na hema, lakini havikuwa na mtu wa kurudi.

Kisha ukaja mwaka 1992, ambao unastahili kusimuliwa polepole.

Januari ya mwaka huo Wangari alikamatwa pamoja na wanaharakati wengine wa mageuzi, baada ya kutangaza kwa waandishi wa habari kwamba wamesikia tetesi za mpango wa kukabidhi nchi mikononi mwa jeshi. Alijifungia nyumbani South C siku tatu huku polisi wameizingira nyumba, hadi walipoivunja na kumchukua. Aliwekwa katika seli yenye baridi na maji sakafuni, na yeye alikuwa na ugonjwa wa viungo. Siku ya kufikishwa mahakamani hakuweza kutembea, akabebwa na askari wa kike. Nje ya mahakama, kikundi cha wanawake kilikuwa kimeshika bango lililomwambia yeye, binti shujaa wa Kenya, kwamba hatatembea peke yake tena.

Miaka miwili tu nyuma watu walikuwa wakimnong'oneza. Sasa wanawake hawa walisimama mbele ya polisi na kamera, nyuso zao wazi. Bango lile halikupunguza mashtaka wala halikumtibu miguu. Lilichofanya ni kumjulisha mtu aliyekuwa amebebwa na askari kwamba kuna waliotoka majumbani mwao wakaja. Katika kumbukumbu zake analieleza jambo hilo kwa shukrani ya mtu aliyekuwa amekaa baridini muda mrefu.

Mwezi uliofuata, yeye ndiye aliyefuatwa. Wamama waliokuwa na wana gerezani kwa sababu za kisiasa walikuja nyumbani kwake, miongoni mwao Monica Wangu Wamwere, mama yake Koigi wa Wamwere, mmoja wa wafungwa hao. Wengi wao walikuwa watu wazima wa mashambani, wasio na wakili wala jamaa serikalini. Wangari mwenyewe alikuwa bado ana kesi na hata afya yake haikuwa imerudi. Angeweza kuwapa nauli na maneno mazuri. Alikubali kwenda nao.

Februari 28, 1992, walikwenda kwa Mwanasheria Mkuu, Amos Wako, wakataka wana wao waachiliwe, kisha wakamwarifu kwamba watasubiri jibu Uhuru Park. Walibeba matandiko yao hadi kwenye kona ya bustani inayotazamana na makutano ya Kenyatta Avenue na Uhuru Highway, wakaketi na kufunga chakula. Kona hiyo hadi leo inaitwa Freedom Corner. Nyayo House iko hapo hapo karibu.

Kilichotokea siku zilizofuata hakikuwa kimepangwa na mtu. Wapita njia walianza kusimama. Wafanyakazi waliotoka ofisini jioni, badala ya kukimbilia matatu, walisogea. Halafu wanaume waliowahi kuteswa wakaanza kusimama mbele ya umati na kueleza waliyofanyiwa, mambo ambayo wengine hawakuwa wameyasema hadharani kamwe. Nairobi ilikuwa imejaa watu wenye siri moja, kila mmoja akidhani ni yake peke yake, kwa kuwa hapakuwa na mahali pa kuketi na kuitoa. Wamama hawakuwa washauri nasaha. Walikuwa wamekaa tu, na kukaa kwao kukawapa wengine ruhusa ya kukaa.

Machi 3 polisi walikuja na rungu na mabomu ya machozi. Wangari alipigwa hadi akapoteza fahamu, akakimbizwa Nairobi Hospital. Baadhi ya wamama walivua nguo zao mbele ya askari vijana, laana nzito ambayo mama wa Kiafrika huitoa pale tu anapokuwa amenyang'anywa kila njia nyingine. Wengine walirudishwa kwao kwa nguvu. Wakapanda gari wakarudi Nairobi.

Bustani ilipozingirwa, walivuka barabara wakaingia kanisa kuu la Anglikana la All Saints, ambako mkuu wake, Peter Njenga, aliwapokea. Walipewa chumba cha chini ya kanisa. Kila mtu alidhani ni suala la siku chache, lakini walikaa huko takriban mwaka mzima.

Fikiria mwaka huo kwa namna unavyoijua nyumba yenye wageni. Wamama wa lika na hasira tofauti, wakilala safu moja, wakipokezana kupika baada ya mfungo kwisha, wakipokea wanafunzi, mawakili, wanahabari, waumini wenye sufuria za chakula, na pia polisi waliokuja usiku. Polisi walipozidi, walijifunga minyororo, mmoja kwa mwenzake, ili atakayetaka kumtoa mmoja awatoe wote. Wakristo wa ibada ya Jumapili walisali juu huku wakijua kuna akina mama chini ya miguu yao. Lazima palikuwa na siku za kununa na kukwaruzana. Watu hawakai chumba kimoja mwaka mzima kwa tabasamu. Ila hawakuachana. Mapema mwaka 1993 wafungwa waliokuwa wakidaiwa, 52 kwa hesabu, waliachiliwa wote isipokuwa mmoja.

Mtu anaweza kusema hayo ni siasa, na kwamba urafiki wa kawaida ni kitu kingine. Mwandishi wa makala haya haoni hivyo. Wamama wale hawakuwa na chama cha siasa wala bajeti. Walikuwa na vitu vitatu: mahali pamoja, muda mwingi, na nia ya kuonekana wakiwa pamoja. Ukiviondoa hivyo, hata undugu wa damu hunyauka, na maisha ya sasa ya Nairobi yanaviondoa kimoja baada ya kingine bila mtu kukusudia.

Tazama upande wa magharibi wa jiji. Mwandishi aliwahi kukaa Kangemi, katika ploti ya vyumba vinavyotazamana, bomba moja la maji, kamba moja ya nguo. Huko hakuna siri ya kikohozi. Mtoto akilia usiku kwa namna isiyo ya kawaida, mlango wa jirani hufunguka kabla mama hajaita. Kero ni nyingi pia: umbea, redio, ugomvi wa zamu ya kuosha choo. Wengi huota siku ya kuhama, na si dhambi kuota hivyo. Baadaye alihamia Kileleshwa, ambako nyumba za zamani zenye bustani zimebomolewa na kuinuka maghorofa. Huko majirani hukutana kwenye lifti, macho kwenye namba za sakafu. Wanajuana kwa namba ya mlango na kwa kundi la WhatsApp la wapangaji, ambalo kazi yake kubwa ni maji, takataka na magari yaliyozuia njia.

Katika jengo hilo, mama mmoja wa ghorofa ya tano alifiwa na mumewe. Habari ilifika kwenye kundi asubuhi. Kufikia jioni ujumbe wa pole ulikuwa umejaa, alama za mikono iliyokunjwa kusali zikifuatana, na mchango wa M-Pesa ukawa wa kutosha kulipia gari la kusafirisha mwili. Yote mema. Huduma hiyo ya Safaricom, tangu ianze Machi 2007, imesaidia kuokoa wagonjwa na kuzika maiti wengi. Lakini jioni ile ya kwanza hakuna aliyebisha hodi. Siku ya pili mwanamke wa ghorofa ya tatu, ambaye hakuwa amewahi kuzungumza na mfiwa zaidi ya salamu, alipanda na chupa ya chai. Alirudi kesho yake na jirani mwingine, wakawa wanapanda kila jioni hadi safari ya mazishi. Hawakuwa na maneno mengi. Waliosha vyombo, walipokea simu, walimlaza mtoto. Nyumba hizo tatu leo zinaachiana funguo, zinachukuliana watoto shuleni, na zinagombana kama ndugu wanavyogombana. Majirani wengine waliotoa fedha nyingi zaidi wamebaki namba za milango.

Hilo halimpunguzii mtoaji heshima. Linaonyesha tu kwamba fedha na ujumbe hufanya kazi moja, na mwili uliofika hufanya nyingine, na mji wetu umeanza kuzichanganya. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard, waliowafuatilia watu tangu mwaka 1938 hadi uzeeni mwao, waliona kwamba ubora wa mahusiano ya mtu ni miongoni mwa mambo yanayoashiria vizuri zaidi afya yake ya baadaye. Shirika la Afya Duniani liliunda tume ya uhusiano wa kijamii mwaka 2023, mmoja wa viongozi wake akiwa Chido Mpemba, aliyekuwa mjumbe wa vijana wa Umoja wa Afrika, na ripoti yake ya 2025 ilikadiria kwamba mtu 1 kati ya 6 duniani anasumbuliwa na upweke. Upweke huo haukosekani katika jiji lenye matatu zilizojaa na makundi ya simu yasiyolala.

Kuna upande wa pili wa kusema ukweli. Anayeishi Nairobi kwa mshahara wa kawaida hawezi kufika kila mahali. Kuna matanga Kawangware, harusi Rongai, mgonjwa katika Hospitali ya Kenyatta, mchango wa karo wa binamu, na msongamano wa magari unaomeza jioni nzima. Mtu akijaribu kuwa kila mahali, nyumba yake mwenyewe itakosa wa kukaa ndani. Afya ya uhusiano inataka pia kukataa kwa adabu: kumwambia mwenzio mapema kwamba safari hii sitaweza, badala ya kuahidi na kutoweka. Wangari alikataa mengi na wengi, na alikubali kupoteza walioona aibu kuonekana naye bila kuwafanya maadui. Wachache aliowachagua aliwafikia kwa miguu yake, hata ile iliyokuwa ikiuma.

Wanawake wa mitaa ya Dagoretti, Kangemi na Uthiru wanalijua hili kupitia chama. Wengi wetu hukitazama chama kama njia ya kuweka akiba na kukopeshana, na ni kweli sufuria, mabati na karo nyingi zimetoka humo. Ila chukua katiba ya chama cha kawaida, iliyoandikwa kwa kalamu kwenye daftari la mistari, usome vifungu vya faini. Mara nyingi utakuta faini ya kuchelewa kulipa, na kando yake faini ya kutofika mkutanoni. Ya pili hutozwa hata kama mchango wako umeingia kwa simu mapema kuliko wa wote. Vijana wanaoanzisha vyama vyao leo hukifuta kifungu hicho kwanza, wakisema kila kitu kinafanyika kwenye simu. Waliotangulia walikiweka kwa sababu walishajua mwanachama anayetuma pesa bila kufika huwa ana jambo linalomsibu, na kwamba baada ya mkutano wa pili asioonekana, mweka hazina hupewa kazi ya kupita kwake jioni hiyohiyo kujua kulikoni.